Bega la Mukashema

Mukashema alipozikwa mwaka 1958, bintiye Emérita alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha, katikati ya kilio, akaangua kicheko, na waombolezaji wakadhani uchungu umempanda kichwani. Haukumpanda. Alikuwa amekumbuka kipoyi.

Kwenye mlima wao huko Masisi mgonjwa alilazwa kwenye kipoyi, kitanda cha mianzi, akabebwa mabegani mpaka dispanseri ya misioni, mwendo wa asubuhi nzima. Sheria ilikuwa moja: kila nyumba itoe mwanaume wa kubeba, na nyumba isiyobeba, wagonjwa wake hawabebwi. Sasa mwaka 1951 nyumba ya Mukashema haikuwa na mwanaume hata wa dawa. Yeye alikuwa mjane, na Honoré, mume wa Emérita, alikuwa mgodini Walikale. Emérita naye alikuwa na mimba ya miezi saba. Uzazi uliotangulia ulimtoa damu nusura afe, na safari hii aliogopa sana.

Pembe ya kuwaita wabebaji ilipolia kwa ajili ya Athanase, jirani mnene aliyeshikwa na malaria, Mukashema akatokea, mfupi kuliko jembe lake, na ngata tatu za majani ya migomba zimepangwa begani.

Mzee Sebarenzi, mkubwa wa wabebaji, akamtazama. "Mama, kipoyi haibebwake na wanamuke."

"Papa, sikukuya kuuliza. Nimekuya kubeba."

Mgonjwa alikuwa anangoja, basi wakamwachia mpini mmoja wa nyuma. Ngata zilianguka kabla ya kilima cha kwanza. Kipoyi kikainama, Athanase akateleza polepole mpaka mguu wake ukatua shingoni mwa Mukashema, naye akaendelea kupanda na ule mguu. Kwenye mto wa pili Athanase akasema kwa upole, "Munishushe. Nimepona." Akaenda dispanseri kwa miguu yake, na wabebaji nyuma yake na kipoyi kitupu, kwa sababu Mukashema alikataa kukiachia: safari isipofika haihesabiwi.

Baada yake alibeba wengine watatu. Wawili walipona njiani vilevile. Wa tatu, mzee Polycarpe, ambaye hakuwa amesema neno tangu Pasaka, alisema mengi, na katekista aliyekuwa njiani nao hakupenda kuyarudia.

Lakini Sebarenzi hakutamka kama bega la mwanamke linahesabiwa. Kila siku Emérita aliuliza, "Mama, watakuya?"

"Nimebeba," mamake alijibu. Zaidi ya hapo hakujua.

Uchungu ulianza alfajiri. Mukashema akaenda kupiga pembe mwenyewe, vibaya mno, na Emérita akatega sikio, akiuma kanga. Walikuja wanaume kumi na tisa, Athanase akiwa wa kwanza. Mukashema akashika mpini wake wa nyuma na hakuna aliyebisha. Emérita alifika dispanseri akiwa karibu ameketi, kwa jinsi kipoyi kilivyoinamia upande wa mamake.

Adhuhuri alizaa salama. Sebarenzi alikuwa amengoja mlangoni na watu wake.

"Iko mutoto mwanamuke, Papa," Emérita akamwambia, kwa haya kidogo.

Mzee alikuna ndevu. "Ni vizuri. Nyumba yenu iko na mabega tatu."

Mukashema, aliyejilaza uani kwenye kipoyi, alijifunika uso kwa nguo. Emérita hakuwa amewahi kumwona mamake akilia.