Mujane kwa Dakika Kumi

Leo asubuhi nilikuwa mujane kwa dakika kumi.

Simu ililia. Ni infirmière, muuguzi wa kule mugodini, kwenye bwana yangu anatumika kazi. Kingereza tupu: "Your husband passed out." Kisha simu ikakatika.

Mi nilisoma Kingereza miezi mitatu ku parokia. Mwalimu akisema "pass out", tulikuwa tunagawa bitabu. Lakini mutu hagawiwi! Nikawaza: "pass" ni kupita, "out" ni inje. Basi bwana yangu amepita, ametoka mu hii dunia.

Nikaambia mama mukwe: "Mama, Ilunga ametuacha."

Akaanguka chini. Majirani bakaingia, bakatosha biti mu salon, bakabiweka inje ili batu ba kilio baikale chini, mumoja akanifunga kitambaa ku kichwa. Mi sikulia. Nilikuwa naangalia tu ukuta.

Simu tena. Sauti ya Ilunga mwenyewe!

"Mama Josée, bibi yangu, joto ilinizidi, nikazimia kidogo. Bilishaisha. Balikuambia?"

"Baliniambia."

"Sasa nani analia hapo?"

"Mama yako."

"Analilia nani?"

Nikapatia mama simu.

Mama akapiga bigelegele. Majirani bakacheka mpaka machozi. Mi, hapana kitu. Hata furaha.

Sasa amerudi, anakula bukari mbele yangu. Ananiuliza: "We haufurahi?"

Nikamujibu nitafurahi kesho. Mwili wangu umesikia habari ya kwanza tu, ya pili iko bado mu njia.

Bale bintu kama hii bilishabafikia, muniambie: habari ya pili inakawiaka siku ngapi?