Sindano Isiyotaka Uvumilivu

Siku ya kwanza kazini, Kisarawe, Muuguzi Mkuu alinikabidhi ndoo, dekio na neno moja. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba, mhudumu mpya wa wodi. "Mgonjwa akilalamika, mwambie avumilie," alisema. "Sindano zote zinauma." Nililitumia neno hilo miaka mingi, na kwa malaria na majipu halikunitia aibu.

Baadaye nikahamishiwa Kibaha, kwenye chumba walimotibiwa wagonjwa wa saratani. Mfamasia alituonyesha kichupa kidogo cha vinorelbini, dawa ya saratani ya mapafu. Ilichanganywa na maji ya chumvi, ikaingizwa kwenye mshipa wa mkono kwa dakika chache. "Ndani ya mshipa ni dawa," alisema. "Ikivuja nje ni moto, inaunguza nyama." Niliitikia kwa kichwa. Kuitikia si kuelewa.

Mzee Lazaro alikuwa mfugaji kutoka Janga. Mishipa ya mkono wa kushoto ilikuwa imechoka, kwa hiyo siku hiyo dawa iliingizwa mkono wa kulia, mkono wake wa kukamulia. Muuguzi alipogeukia meza, mzee alikunja uso.

"Mhudumu, inachoma."

"Vumilia, mzee wangu. Sindano haina shemeji."

Akacheka, akanyamaza.

Muuguzi Mfawidhi, msimamizi wa chumba, alipita akaona ngozi imevimba. Akasimamisha dawa, akavuta kwa bomba dawa iliyobaki kabla ya kuchomoa sindano, akaagiza kitambaa cha joto.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Nilisema. Nikaambiwa nivumilie."

"Na nani?"

"Na mimi, Sista," nikasema.

Hakufoka. "Hata ng'ombe akipigwa chapa hulia. Wewe umemfundisha mzee kunyamaza. Basi mkono huu utaukanda wewe."

Nikaukanda. Kidonda kilitoka, na kwa wiki kadhaa hatukujua kama vidole vile vitakunjika tena. Mzee ndiye aliyenitia moyo. "Leo sivumilii," alikuwa akisema. "Maji yako yamepoa!" Kidonda kilifunga, kikaacha kovu. Siku moja akaja na chupa ya maziwa. "Nimekamua mwenyewe," akasema. "Ukiniuliza kwa mkono gani, nakunyang'anya."

Tangu hapo nilikaa karibu na kila mgonjwa nikiuliza: inachoma? inawasha? inavuta? Wauguzi wakanibatiza Bwana Inachoma. Nililipenda jina hilo kuliko cheo chochote.

Miaka ilipita, mke wangu naye akapata saratani ya mapafu, akaketi kwenye kiti kile kile alichokalia Mzee Lazaro. Alikuwa mtu wa kuficha maumivu. Nyumbani nilimsihi asinionee haya. Dawa ilipoanza tu akasema, "Baba Neema, inawasha." Muuguzi akaisimamisha papo hapo, akahamia mkono mwingine. Ngozi haikupata hata lengelenge.

Dawa haikumponya, sitasema uongo. Ilimpunguzia kikohozi kwa muda, akalala, akacheka, akarudi kwenye mchicha wake. Kisha ugonjwa ukatushinda.

Sasa nimestaafu, naishi Tangini, na siku zangu si mbaya. Vijana wa hospitali wakinisalimia njiani huniuliza nilijifunza nini. Nawaambia sikujua mengi; nilijifunza kuuliza, na kuamini jibu.

Wiki yake ya mwisho, mke wangu alimsuka mjukuu wetu ili twende kilioni kwa jirani, mistari minane, yote imenyooka. Mtoto alikwenda kumzika bibi yake na nywele hizo hizo.