Halimu Apimwa Upole Ukweni

Halimu wa kijiji cha Buger alibatizwa Felisiani, lakini hakuna anayemwita hivyo. Mama yake alijifungulia ndani ya lori la vitunguu, kwenye tope la barabara ya kwenda Karatu, na dereva, Mwislamu wa Kondoa, aliendesha taratibu kama aliyebeba mayai. Jina la dereva likawa la mtoto. Sisi Wairaqw tunapenda kumwita mtoto kwa yaliyotokea siku aliyozaliwa, na mimi nasema wazi: jina halina kadi ya dini.

Mzee Sylvesta, baba yake Lukresia, binti ambaye Halimu alitaka kumwoa, hakuafiki. Siku tulipompelekea posa ya Halimu akauliza, "Mkatoliki gani anaitwa Halimu?"

Mshenga wetu alikuwa Mama Salima, mzaliwa wa Singida anayechuma kahawa shamba moja na Halimu. "Ni Kiarabu, mzee. Linatokana na hilm. Halimu ni mtu anayeweza kabisa kukasirika, lakini anajizuia."

Nikaangalia chini. Halimu huyu aliwahi kugombana na jogoo wake mpaka jogoo akahamia kwa jirani.

"Basi tumpime," mzee akasema. "Akijizuia, nakubali. Benson, mtukane."

Benson, baba mdogo wa Lukresia, ana kipaji. Alianza na masikio ya Halimu, akapita kwenye maharage yake, akafika kwenye baiskeli. Halimu ameinamisha kichwa tu. Wazee wakaanza kutazamana kwa heshima. Ndipo Halimu alipokoroma.

"Aliyelala hajajizuia," akasema Mama Salima. Nilimkanyaga mguu, akausogeza. "Maana ya jina ni hiyo hiyo, sitaibadilisha."

Wakamwamsha. Benson akarudia yote, akaongeza, "Na hao ng'ombe wako wa mahari, nilidhani ni mbuzi waliofiwa."

Mishipa ikamtoka Halimu shingoni. Kigoda kikatoa mlio chini yake.

"Asante, baba mdogo," akasema. "Naomba shoka."

Watu wakakimbilia mlangoni. Halimu akapita katikati yao, akachukua shoka lililoegemezwa ukutani, akaenda nyuma ya nyumba, na tukasikia magogo yakipasuka moja baada ya jingine.

Mzee Sylvesta akachungulia. "Huyo amekasirika."

"Sana," akasema Mama Salima. "Na bado anapasua kuni, hapasui watu."

Mzee akafikiri, kisha akaipokea posa. Mkewe, aliyekuwa dirishani akiangalia rundo linavyopanda, akamgeukia Benson.

"Shemeji, kesho rudi umtukane tena. Umebaki ule mkaratusi mkubwa."