Sauti ya Nne Nyuma ya Pazia

Saa tatu asubuhi, mhazili wa makao ya wazee anafunga pazia jeusi katikati ya chumba cha mikutano. Analivuta mpaka hakuna upenyo. Upande mmoja wataketi wajumbe watano wa bodi. Upande wa pili kuna kiti kimoja tu.

"Mambo ya huyu mtoto wa fulani hapa hatuyataki," anasema. "Tunataka sauti."

Wenzake humwita Mama Pazia. Kiongozi anapotafutwa, yeye huwaingiza waombaji mmoja mmoja na kuwatoa. Wote huulizwa maswali yale yale, na kila mjumbe hutoa alama bila kuteta na jirani.

Utaratibu huo ulianzishwa na mkurugenzi aliyepita, alipochoka kuona mashemeji na mabinamu wakirithishana uongozi huku wazee wakilala njaa. Mwaka jana alifariki akiwa kazini, na Mama Pazia akatundika pazia ili apatikane mrithi wake.

"Niliingiza watu watatu," anasimulia, sauti ikishuka. "Nikamsindikiza wa mwisho hadi getini. Narudi, mwenyekiti ananiuliza, 'Mama, huyu wa nne katoka saa ngapi? Hatukusikia mlango.' Nikamwambia, 'Wa nne yupi?'"

Wajumbe wote walikuwa wamempa alama, tena za juu kuliko wenzake.

Walipomuuliza huyo wa nne nini kifanyike mzee asiye na ndugu akifariki, alijibu, "Nitaketi naye mpaka achukuliwe. Asiachwe peke yake."

Mjumbe mmoja, daktari, alikuwa akilia. Alisema sauti ile anaijua, ni ya marehemu. Hakuna aliyembishia.

Walipofungua pazia, kiti kilikuwa kitupu. "Mwenyekiti akakigusa," anasema Mama Pazia. "Akafuta mkono kwenye suruali, akafuta tena."

Bodi ilimchagua muuguzi aliyefuata kwa alama. Anaongoza vizuri, ila katika chumba hicho haketi peke yake.

Mama Pazia haogopi. Linalomuuma ni jingine.

"Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Msibani kwake nimepika mimi. Halafu anakuja, anazungumza na wao, mimi niko getini."

Leo anatafutwa naibu mkurugenzi. Mama Pazia ameomba mlango ushikwe na mwingine, naye aketi na wajumbe, bila kutoa alama.

"Nitanyamaza tu," anasema, akivuta kiti karibu na pazia. "Akija, nimsikie na mimi."