Nilifungua kamera ya mkanda ili tuone picha, na Koko anapanda ndege Ijumaa

Wakuu, habari za wikiendi. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na mkinicheka nimeshazoea.

Naishi Brussels, upande wa Forest. Siku za kazi nafanya usafi kwenye maofisi ya Umoja wa Ulaya pale Schuman, Jumapili nazurura sokoni Gare du Midi. Huko ndiko nilikonunua kamera ndogo ya mkanda, zile za kulenga na kubonyeza tu, flash inawaka yenyewe. Muuzaji akanipakilia mkanda wa picha thelathini na sita.

Nikajiona photographer.

Jirani yangu wa juu, Maman Noëlla, ni Mkongo wa Bukavu. Mama yake mzazi, ambaye jengo zima tulimwita Koko, yaani bibi, alikuwa amekuja kumtembelea. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja, na Ijumaa anarudi.

Koko alitaka kitu kimoja tu: picha ya karatasi akiwa na wajukuu wote. Za simu hataki. Simu yake iliwahi kuibwa, ikaondoka na picha zake zote.

Basi Jumapili wajukuu wakakusanyika, wengine wametoka Liège na Antwerp. Nikajitolea kwa mbwembwe zote.

Koko akakaa kitini, mikono magotini, amenuna. Ndivyo walivyopigwa studio enzi zake, meno hayaonyeshwi. Nikapiga kumi na moja. Ya kumi na mbili ilijifyatua nikiwa natafuta zoom, wote wakaangua kicheko.

Wajukuu wakawahi treni. Koko akaniambia, "Tuone sasa namna inatoka."

Hapo ndipo akili ya simu iliponiponza. Badala ya kumwambia mpaka zisafishwe, nikafungua mgongo wa kamera. Mchana kweupe, dirishani.

Tukabaki tunaangalia utepe wa kahawia.

Nikafunga haraka, lakini mwanga ukishaingia umeingia. Utotoni nilishachapwa kwa kosa hilohilo! Maman Noëlla hakunigombeza, akaenda zake jikoni. Bora angenitukana. Usingizi sikuupata.

Jumatatu nikaipeleka kamera kwa mzee mmoja anayesafisha mikanda, nikajieleza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. Akaigeuza kamera, akacheka. Kumbe modeli hii ikipakiwa huvuta mkanda wote nje kwanza, halafu kila picha ikishapigwa inarudi ndani ya kopo lake. Nilichounguza ni sehemu ambayo haikuwa imepigwa.

Nilitamani kumkumbatia.

Alhamisi picha zikatoka. Kumi na moja safi, Koko kama hakimu. Ya kumi na mbili ilikuwa mlangoni mwa kopo, ikapigwa na mwanga, upande mmoja mwekundu kabisa. Katikati Koko anacheka, mapengo yote nje.

Koko akaikataa, eti ya aibu. Akachagua moja ya kununa, akaifunga kwenye kitenge.

Maman Noëlla akaiokota ile iliyoungua. "Bon, ile ya sérieux aende nayo," akasema. "Hii njo mama yangu."

Sasa imebandikwa kwenye friji yake. Kila nikipanda kwake naiona, na nafurahi mno.

Nilichojifunza: usifungue mgongo wa kamera mpaka mkanda uishe na usikie mota yake imenyamaza. Na ukimpiga mzee picha, mwibie moja kabla hajajipanga.

Mliowahi kuunguza mikanda jitokezeni, nisibaki mjinga peke yangu.