Siku Kitambaa Kilipokauka Mapema

Mume wangu alikuwa Voi, kwenye reli, akitia kuni kwenye gari la moshi. Mimi niliachwa mlimani kwa wazazi wake, mtoto wa miezi minne mgongoni, katika nyumba ya mwisho iliyopakana na msitu. Kutoka mlangoni niliuona moshi wa gari lile ukivuka nyika, mwembamba kama uzi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Misheni nilikosoma kulikuwa na vipimajoto viwili ukutani, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa cha maji. Kila asubuhi niliandika vyote viwili. Vikipishana sana, hewa ni kavu. Mlimani sikuwa na kipimajoto, nilikuwa na kitambaa cha mtoto. Nilikifua, nikakianika kichakani, nikashika njia ya chemchemi. Nikirudi na mtungi nikakikuta kibichi, moto wa mashamba uwashwe. Nikikikuta kimekauka, mtu asiguse hata kijinga cha moto.

Watu wa pale walitazama wingu. Likikaa kileleni asubuhi, walisema mlima umejifunika, mashamba yachomwe kabla ya vuli. Kilele kina hewa yake na mashamba yana yake, lakini nani aniulize mimi?

Siku ile wingu lilikuwepo. Kitambaa nacho kilikauka mpaka kikawa kinakwaruza. Nilifinya nyasi, zikawa unga kiganjani. Upepo ulikuwa unapanda kutoka nyikani. Baba mkwe alikuwa uani akiwagawia wanaume vijinga, hatua kumi tu kutoka kwangu, na sikuruhusiwa kumsemesha. Neno la mke wa mwana hupita kwa mama mkwe.

"Mama, mwambie baba leo wasiwashe. Hewa ni kavu, na upepo unaelekea msituni."

"Umejuaje?"

"Kitambaa cha mtoto kimekauka kabla sijarudi na maji."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nikamweleze mzee mzima habari za mikojo ya mjukuu wake?"

"Mwambie hivyo hivyo, mama."

Akaenda. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Mke wa mwanao anasema moshi utamtia mtoto kikohozi."

"Basi amfunike pua," akasema mzee. Wanaume wakacheka, wakaenda zao.

Nilichukua jembe nikakwatua nyasi kuzunguka nyumba, peke yangu, mtoto akilia mgongoni. Jua lilipofika utosini, moto uliruka ukingo wa shamba. Nikakimbia mpaka mbele ya baba mkwe.

"Baba! Msitu unaungua!"

Aliinamisha uso kwa haya. Angeuinua, angeuona moto.

Nyumba ilipona. Miti iliyo juu ya chemchemi haikupona, na maji yakapungua hata tukawa tunateka kwa kata. Wazee walipokaa baraza, hawakukaa kwa sababu ya msitu. Walikaa kwa sababu ya ulimi wangu. Baba yangu akaagizwa alete mbuzi wa kuondoa aibu. Kwa ajili ya msitu hakuchinjwa hata kuku. Nilimwandikia mume wangu kurasa mbili. Akajibu mstari mmoja, niombe radhi. Wanawake wakawa wananisalimu bila kusimama. Siku nyingine jua lilitua sijasema na mtu ila mtoto, naye hajajua kujibu.

Mwaka uliofuata, kabla ya vuli, wingu likakaa tena kileleni. Mama mkwe alikuja mlangoni kwangu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, mbali kidogo, kijinga mkononi, mgongo kwetu, akikohoa bila kikohozi.

"Anauliza," akasema mama mkwe, "kile kitambaa..."

Nilitamani kumjibu kwamba mtoto anakohoa, basi. Nikaenda kichakani, nikakishika. Kilikuwa kikavu kama ganda.

"Mwambie hapana. Na safari hii, mama, peleka neno lilivyo."

Akageuka. "Hapana," akamwambia.

Mzee akaweka kijinga chini, akakifukia kwa mchanga kwa mguu wake. Akaondoka bila kugeuka.