Mkubwa Wao Alikuwa wa Buluu

Juzi mwanangu aliniita sebuleni nikatazame wale mashujaa watano wanaovaa kofia za kuficha uso. Niliacha kuchambua mchele, maana hao ni watu wangu wa siku nyingi. Wakajipanga, wakarusha mikono, moshi ukalipuka nyuma yao, na anayetoa amri pale katikati amevaa nyekundu. Nikamwambia mwanangu wamekosea, mkubwa ni wa buluu. Akanicheka. "Mama, tangu zamani mkubwa ni mwekundu."

Basi ndugu yangu, nilikaa pale na ungo mapajani, nikarudi Ngara miaka ile ya wakimbizi.

Padri wa kijijini kwetu alikuwa na televisheni isiyoonyesha rangi, na kanda tatu za mashujaa hao. Jumapili mchana jenereta ilipowashwa, kiingilio kilikuwa dumu moja la maji kwa ajili ya jiko la misheni. Tulipanda kilima kutoka mtoni maji yakitumwagikia mgongoni, tukikimbia tusikose mwanzo. Kwetu mashujaa wote watano walikuwa wa kijivu. Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, alichungulia dirishani siku moja akauliza, "Hao wanaopigana wamejifunika nyuso, mama zao wanajua?"

Katika mchezo wetu wa kuwaigiza tulikuwa wanne, na watano hatukutimia mpaka alipokuja msichana wa kambi ya wakimbizi. Mama yake alileta unga wa mahindi ya njano kwa bibi abadilishiwe ndizi, na yeye akabaki kucheza nasi. Alisema kwao, kabla hawajakimbia, aliwatazama mashujaa hao kwenye televisheni ya rangi. Tukamzunguka tukitaka kujua nani anavaa nini. Akajibu bila kusita, "Mkubwa wao ni wa bururu," ndivyo kwao walivyoita buluu.

Kesho yake akaja amefunga shingoni kipande cha turubai la buluu, alichokikata pembeni mwa kibanda chao. Kwa hiyo mkubwa akawa yeye, na sisi tukavaa majani ya migomba. Kipande tulikificha jikoni kwa bibi, nyuma ya kuni, mama yake asikione.

Nilikionea wivu kile kipande, sitaki kukuficha. Nilimsumbua wiki nzima anipe zamu, na Jumamosi moja akakubali. "Vaa. Lakini kesho unirudishie."

Sikumrudishia. Nilimwambia sijui kimepotelea wapi, na kumbe kiko chini ya kitanda changu. Akabeba dumu lake akaenda zake.

Siku chache baadaye barabara ilijaa watu wanaorudi kwao, sufuria na mikeka vichwani. Nilimwona akipita nyuma ya mama yake. Nilikimbia nyumbani, nikavuta turubai chini ya kitanda, nikarudi mbio, lakini sikumwona tena. Nilisimama pale hadi jioni nikilia, turubai mkononi. Wenzangu walisema basi sasa mkubwa ni mimi. Sikuweza kulivaa. Mchezo ukafa, na bibi akaja kulitumia kufunikia maharage hadi likachanika lote. Kambi nayo siku hizi ni vichaka na mashamba ya mihogo.

Ndiyo maana mashujaa hawa nawapenda, na wananikera. Wakianza tu kujipanga, moyo wangu unadunda kama zamani. Lakini kila msimu wanaletwa watano wapya, mavazi mapya, na waliotoka hakuna anayeuliza wamekwenda wapi.

Na sasa najua kwamba alitudanganya. Labda hata hiyo televisheni ya rangi hakuwahi kuiona. Alikuwa na turubai la buluu, basi, akataka naye awe mkubwa wa kitu. Ningempata leo ningemwomba radhi, halafu ningemcheka mpaka machozi.

Mwanangu alikuwa bado ananisubiri nikiri kosa.

"Wenu ni mwekundu," nilimwambia. "Wetu alikuwa wa bururu." Nikauvuta ungo, nikaendelea na mchele.